Moto wa Dakika ya Themanini na Tatu

Zikiwa zimebaki dakika saba mechi iishe, na sisi tukiwa tumefungwa mabao mawili bila jibu, shamba la miwa lililokuwa nyuma ya goli la kusini lilishika moto. Refa alipuliza filimbi. Wachezaji ishirini na mmoja, na watazamaji wote wa kwao na wa kwetu, wakaukimbilia moto. Kwa kanuni za ligi yetu mechi hiyo ilikuwa imefutika pale pale, na ingechezwa upya kuanzia sifuri.

Nasema ishirini na mmoja kwa sababu mmoja wetu alikuwa nje ya uwanja. Alikuwa kando ya miwa ile ile, nyuma ya lile goli, na ndiye niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja.

Miaka ile bei ya sukari ilikuwa imepanda, na kila mwenye kipande cha ardhi kati ya Shianda na kiwanda alikuwa amepanda miwa hadi mlangoni pa jiko. Watu waling'oa mihogo, waling'oa mahindi, wengine waliacha njia ya kupita mtu mmoja tu hadi chooni. Trekta zilipita mchana kutwa zikivuta trela mbili mbili, na upepo ukigeuka harufu ya molasi iliingia hadi kwenye maji ya kunywa. Mimi nilitoka Shirere, pembeni mwa mji wa Kakamega, mwaka mmoja baada ya kumzika mama yangu, nikapewa kazi ya karani wa mzani.

Mzani wetu ulikuwa sakafu ya chuma ambayo trela ilipanda na kusimama juu yake. Mimi nilikaa katika kibanda chenye dirisha dogo, nikasoma mshale, nikaandika tani, nikampa dereva karatasi. Sikumbuki mkulima hata mmoja aliyeamini mshale ule. Waliamini kwamba mtu aliye dirishani ana namna ya kuuvuta nyuma kwa goti. Walinisalimu vizuri, maana walijua watarudi, lakini hakuna aliyenialika kwake kula obusuma, ugali wa huko. Nikiingia dukani mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Niliishi hivyo karibu mwaka mzima.

Tulilala kwenye laini, safu za vyumba vya matofali vilivyoezekwa mabati, kila chumba watu wawili. Wakata miwa hawakutaka kulala na karani, kwa hiyo kitanda cha pili kwangu kilikaa bila mtu hadi alipoletwa yeye.

Alitoka Lumakanda, kwenye mashamba ya mahindi, na hakuwa amewahi kushika panga la miwa. Aliajiriwa kwa ajili ya mpira. Kila eneo la wakata miwa lilikuwa na timu yake, na wanyapara walikwenda mbali kutafuta miguu. Asubuhi watu hao walihesabiwa pamoja na wakataji wengine, jioni walifanya mazoezi. Yeye alikuwa beki wa kati, namba tano, mrefu, mtulivu, mwenye tabia ya kutazama mpira ukiwa bado mbali kama mtu anayesoma kibao cha njiani. Shambani alikuwa bure kabisa. Alikata muwa juu mno, akaacha visiki vinavyotoboa magurudumu ya trekta, na mnyapara alimpigia kelele kila siku.

"Wewe bwana, unakata miwa ama unanyoa mtu?"

"Nanyoa, mzee. Ukitaka kipara sema."

Siku ya kwanza aliingia chumbani na sanduku la mbao, akalisukuma chini ya kitanda, akaniuliza, "Wewe ndiye ule wa mzani?"

Nilisema ndiyo.

"Wanasema unaiba kwa goti."

"Wanasema."

Alitazama magoti yangu, yote mawili, bila haraka. "Lipi?" akauliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kunitania tangu nifike pale.

Kamati ya ligi ilitaka timu mwenyeji itoe mtu wa kuandika mechi: nani amefunga, dakika gani, nani ameingia, nani ametoka. Yeye ndiye aliyenitaja kwa kapteni. Kuanzia hapo kila Jumapili tuliyocheza kwetu nilikaa kwenye meza ndogo karibu na mstari wa katikati, nikiwa na saa yangu ya mkononi na daftari la kurasa ngumu. Nilipaswa kuandika mabao na mabadiliko tu. Lakini mechi ina nafasi nyingi tupu, na nilianza kuandika mambo mengine, hasa yale ambayo timu inayofungwa huyafanya zikibaki dakika kumi na tano au ishirini.

Kitu cha kwanza kubadilika ni namna ya kuitana. Watu waliokuwa wakiitana kwa majina ya utani huanza kuitana "wewe". Halafu pasi fupi zinakufa. Yule kiungo mdogo ambaye mchezo wote umepitia kwake anaanza kutazama mpira ukiruka juu ya kichwa chake, kwenda na kurudi, na yeye amesimama katikati kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Beki wa kati anapanda mbele kuwa mshambuliaji. Beki wa pembeni anamfuata. Kipa anapiga mpira mbali bila kuangalia nani yuko huko. Mwishowe watu wanne wanagombania kurusha mpira wa pembeni, na kugombana kwao kunakula muda mwingi kuliko ule ambao mpinzani angeweza kuupoteza.

Niliandika pia kilichofuata. Mara chache bao lilipatikana. Mara nyingi zaidi timu ile ile ilifungwa lingine, kwa sababu nyuma hakukubaki mtu.

Jioni moja namba tano alikuwa akiosha miguu kwenye beseni. Akaniona nikisoma daftari.

"Wewe unaandikanga nini kila saa? Mabao yetu si mengi hivyo."

"Naandika vile mnavyoshindwa."

"Soma."

Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akiendelea kusugua kisigino kwa jiwe.

"Ni kweli," akasema. "Umeandika vile tunafanyanga. Lakini hujaandika kwa nini."

"Kwa nini?"

"Karani, ukifungwa moja unapata pointi ngapi?"

"Sifuri."

"Ukifungwa nne?"

"Sifuri."

"Sasa mimi nikikaa huko nyuma nalinda nini? Nalinda sifuri?"

Nikamwambia kuna tofauti kati ya kufungwa moja na kufungwa nne. Kuna aibu.

"Hapo ndipo hujui mpira," akasema. "Aibu ni kufungwa moja ukiwa umesimama. Watu watasema ule mrefu hata hakujaribu. Ukifungwa nne ukiwa kule mbele unaruka ruka na vichwa, watasema hamkuwa na bahati. Mtu akiona saa imekwisha, hachezi tena apate bao. Anacheza aonekane alitaka." Akamwaga maji mlangoni. "Wewe ungekuwa beki, ungelinda hiyo moja yako mpaka filimbi. Nakujua."

Nilicheka, lakini alikuwa sahihi. Mama yangu alipougua niliendelea kwenda shule kila siku, nikarudi kila siku saa ile ile, nikaweka madaftari yangu mahali pale pale. Sikupanda mbele. Sijui kama kupanda kungesaidia chochote.

Kanuni ya moto ilikuwa na historia yake fupi. Msimu uliotangulia shamba moja liliungua mchana wa mechi, na watu waliuona moshi wakaendelea kutazama mpira, kila mmoja akidhani mwingine atakwenda. Kamati ikaandika na kubandika ubaoni: moto ukionekana, refa atapuliza filimbi, wote watakwenda kuzima, na mechi ambayo haijaisha itarudiwa yote. Waliandika hivyo ili timu inayoongoza isiogope kuondoka, wala inayofungwa isipate kisingizio. Nadhani walifikiria watu wanaouona moto. Hawakuwafikiria wanaoutamani.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu, katikati ya kiangazi, majani ya miwa yamekauka hadi yanapiga kelele yenyewe. Tulicheza na timu ya karakana ya kiwanda. Tukishinda au tukitoka sare tungebaki kwenye ligi. Tukifungwa tungeshuka, na eneo letu lilikuwa limeshatangaza kwamba likishuka halitaweka timu tena. Maana ya hilo niliijua kabla ya wachezaji, kwa sababu orodha za vibarua zilipita ofisini kwetu. Kando ya majina kumi na moja palikuwa na alama ndogo ya penseli. Walioajiriwa kwa mpira wangeondoka mwisho wa mwezi.

Nilimwambia mwenzangu wa chumba. Alikuwa akipaka njumu zake mafuta ya nguruwe.

"Nikirudi nyumbani, mzee wangu hatauliza kitu," akasema. "Atanipa jembe tu anionyeshe mahindi. Yeye aliniambianga mpira ni wa watoto. Atafurahi kuniona." Alisema "atafurahi" kwa namna ambayo hakuna mtu angependa kufurahiwa hivyo. Kisha akanitazama. "Na wewe utaongea na nani? Na trela?"

Wiki ile yote nilikisikiliza chumba. Nilisikia jinsi anavyokohoa akiamka, jinsi anavyotafuta kiberiti cha kuwashia jiko bila kufungua macho, jinsi anavyosema na redio kama vile mtangazaji amekaa kitandani. Nilijua jinsi chumba kile kinavyonyamaza kikiwa na mtu mmoja.

Bao la kwanza walilifunga mapema. La pili baada ya mapumziko. Dakika ya sabini namba tano wetu aliinua mkono kumwonyesha kapteni kitu, akaacha nafasi yake, akapanda mbele. Nikaandika. Dakika ya sabini na tano aliruka kwa kichwa akatua vibaya juu ya mguu wa mtu. Dakika ya sabini na sita alitoka akichechemea, akazunguka hadi nyuma ya goli la kusini, mahali palipokuwa na debe la maji na bandeji, kwa sababu kivuli cha miwa ndicho kilichokuwa kivuli pekee. Niliandika: *Dk 76, namba tano nje, kifundo cha mguu.* Hatukuwa na mtu wa kumwingiza.

Tukabaki kumi, na wale kumi wote wakaenda mbele. Vumbi lilikuwa jingi hata sikujua nani ni nani. Watu wetu kando ya uwanja walikuwa na neno moja tu, "mbele, mbele", na wale wa karakana walijibu kwa kuhesabu dakika kwa sauti.

Karibu na dakika ya themanini nilitazama miwa iliyo nyuma ya goli. Nakumbuka vizuri, kwa sababu niliona aibu mara hiyo hiyo. Niliikumbuka kanuni. Nilisema moyoni: laiti.

Dakika ya themanini na tatu niliona moshi.

Ulitokea hatua kama hamsini kutoka kwenye debe la maji, ndani kidogo ya shamba. Kwanza ulikuwa mweupe na mwembamba, kama wa mtu anayepika. Nilimtafuta. Alikuwa amesimama, njumu moja mguuni na moja mkononi, uso wake ukiwa umegeukia uwanjani. Hakuwa akiuangalia moshi. Inawezekana hakuwa ameuona. Watu wengine walikuwa karibu pia, kwa maana upande ule watazamaji waliingia kwenye miwa kujisaidia na kuvuta sigara. Filimbi ikalia, na nikaandika saa, kisha nikakimbia na wengine.

Tuliupiga moto kwa matawi mabichi ya mkaratusi. Wachezaji wa timu zote mbili walichanganyika, na kipa wa karakana alisimama bega kwa bega na namba tano wetu, ambaye alikuwa akiruka kwa mguu mmoja. Wengine walifyeka njia pana ili moto usivuke kwenda shamba la jirani. Ulizimika kabla ya jua kushuka, shamba lile moja likiwa limekwisha. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mmeshindwa na mpira, mkauita moto ucheze," akasema fundi mmoja wa karakana, akijifuta masizi.

"Nenda ukaoge kwanza, unafanana na sufuria," akajibu mtu wetu.

"Mimi nitatakata. Mchezaji wenu wa kumi na mbili ni kiberiti, huyo mtamvalisha jezi gani?"

Watu walicheka, hata wa kwetu. Mwenye shamba alikuwa amefika bila sisi kumwona. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, mikono imeshika kiuno. Alitembea hadi mahali miwa ilipoanzia, akashika muwa mmoja ulioungua majani, akaupima kwa kiganja.

"Bado ilikuwa midogo," akasema.

Ilikuwa na miezi tisa. Miwa ikishaungua haisubiri, lazima ikatwe na kusagwa upesi kabla haijaharibika, hata kama haijakomaa. Kesho yake kikosi chetu ndicho kilichopelekwa kuikata. Namba tano alikwenda na kifundo kilichovimba, akarudi mweusi kutoka nywele hadi vidole. Trela zilipofika kwangu zilionekana zimejaa, lakini mshale ulipanda kidogo tu ukasimama. Yule mama alikuwa amekuja na kusimama nje ya dirisha.

"Karani, angalia vizuri."

Niliangalia. Nikamwambia dereva arudi nyuma, apande tena. Mshale ukasimama pale pale.

"Sikuja kwa ubaya," akasema. "Nimekuja nione mwenyewe." Akaendelea kusimama hadi trela ya mwisho. Alipoondoka alinishukuru, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angenituhumu.

Siku ya tatu katibu wa kamati alituma ujumbe. Walitaka kujua moto ulianzaje kabla ya kupanga siku ya marudiano. Kama mchezaji ndiye aliyeuwasha, timu yake ingehesabiwa imefungwa. Walitaka daftari langu lifike mezani kwao ifikapo saa nane, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na saa ndani yake.

Nililifungua mchana wa chakula, kibandani, wakati hakuna trela. Ukurasa ulikuwa safi. *Dk 76, namba tano nje, kifundo cha mguu.* Mistari minne chini: *Dk 83, moshi.* Kati ya hiyo miwili palikuwa na kona moja na faulo moja. Yeyote ambaye angesoma angeona mtu mmoja tu asiyekuwa na kazi kwa dakika saba, karibu na majani makavu, ambaye ajira yake ilitegemea mechi ile. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo.

Kati ya kona na faulo palikuwa na nafasi ya mstari. Nikaandika: *Dk 79, namba tano amerudi.*

Nilitumia kalamu ile ile. Nilingoja wino ukauke, nikafunga daftari, nikampa mjumbe. Nilijua kwamba hakuna atakayeweza kunipinga. Katika dakika zile za mwisho watu wetu walikuwa wakikimbia kama siafu waliomwagiwa maji, na refa mwenyewe asingeapa nani alikuwa wapi. Sikuona kwamba nilikuwa nikifanya jambo lile lile nililokuwa nikiliandika msimu mzima. Niliona tu kwamba muda umekwisha na mimi bado nimesimama nyuma.

Namba tano alirudi chumbani jua likiwa bado juu. Kamati ilikuwa imemwita. Aliketi kitandani kwake, akavua shati, akalikunja, kitu ambacho hakufanya kamwe.

"Wameuliza nilikuwa wapi moshi ulipotokea," akasema. "Nikawaambia nilikuwa nimekaa kwa debe la maji."

Nilianza kufungua kamba za viatu vyangu.

"Katibu akafungua kitabu chako akasoma. Akasema, hapa imeandikwa ulikuwa umerudi uwanjani. Nikamwambia hapana, nilikuwa nimekaa. Wakacheka. Mzee mmoja akasema, huyu kijana mpira umempiga kichwani, hajui hata alikuwa wapi. Wakasema basi, moto ni wa mtu wa sigara, mechi itarudiwa, nenda." Akaweka lile shati juu ya mto. "Nilisema ukweli, nikachekwa."

"Nilitaka kukusaidia."

"Kunisaidia na nini?"

Nilisukuma viatu chini ya kitanda.

"Wale wa karakana walinitukana, sikujali," akasema. "Hao hawanijui. Kamati waliuliza, na kuuliza ni kazi yao. Wewe hukuuliza. Tumelala hapa siku tatu tangu moto, tumekula sahani moja, hukuniuliza. Ulichukua kalamu."

"Niliogopa utaondoka."

"Ndiyo ukaamua ni mimi."

Ningeweza kumwuliza hapo. Swali lilikuwa fupi, maneno mawili, na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshalijibu kwa wino mbele ya kamati, na kumwuliza baada ya hapo kungekuwa kama kumpima mtu baada ya kumwandikia tani. Nikasema nitaandaa chai. Akasema hana kiu.

Marudiano yalichezwa Jumapili iliyofuata. Kifundo chake kilikuwa kimefungwa bandeji hadi nusu ya muundi. Tulifunga bao moja kabla ya mapumziko, na kuanzia hapo namba tano alikaa nyuma na hakuvuka mstari wa katikati hata mara moja. Karakana walipopanda wote mwishoni, yeye aliondoa mpira mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akiutazama tangu ukiwa mbali. Tulishinda. Watu wetu walimbeba. Niliandika bao, dakika, mfungaji. Sikuandika kitu kingine, na hakuangalia upande wa meza.

Zile alama za penseli zilifutwa kwenye orodha. Jina lake lilibaki. Nilikwenda kumwambia, nikamkuta anazungumza na wakataji wawili wa chumba cha mwisho wa laini, wakanyamaza nilipofika. Nilisema, "Umebaki." Akasema, "Asante, karani." Alikuwa akiniita karani siku zote, lakini siku ile lilikuwa jina la kazi.

Tuliishi hivyo wiki mbili. Alinisalimu vizuri. Aliomba chumvi, nikampa, akashukuru. Redio aliisikiliza kimya.

Siku ya kufunga mwezi nilirudi kutoka mzani nikakuta sanduku lake halipo. Mnyapara alisema amerudi Lumakanda kwa hiari yake, amesema msimu wa kulima umekaribia na baba yake anahitaji mtu. Mnyapara alikasirika. Beki kama yule asingempata tena kwa urahisi. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, upande wake na upande wangu.

Baadaye, nikiwa bado kwenye mzani ule, watu waliniambia mambo. Fundi mmoja wa karakana alisema aliwaona watazamaji wawili wakitoka kwenye miwa na sigara zikiwaka, muda mfupi kabla ya moshi. Dereva mmoja wa trekta, ambaye sikuwa na sababu ya kumwona mwongo, alisema alimwona mtu mrefu mwenye njumu moja akitoka ndani ya shamba, akichechemea. Nilimwuliza ilikuwa dakika ya ngapi. Alinishangaa. Alisema yeye hakuwa na saa.

Yule mama alipanda miwa tena, na ilipokomaa aliileta kwangu. Alisimama dirishani kama zamani. Hakuwahi kuniuliza nani aliichoma ya kwanza. Pengine alifikiri karani wa mzani ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa jambo kama hilo.

Nimeyarudia yale mazungumzo ya chumbani mara nyingi, kwa mpangilio, kama ninavyorudia mechi. Najua alichosema kwanza, na kilichofuata, na mahali niliponyamaza. Alisema alikuwa ameketi kwa debe. Alisema sikuuliza. Alisema niliamua ni yeye. Hakusema ni yeye, na hakusema si yeye. Kutoka hapa hadi Lumakanda ni safari ya asubuhi moja, na sijawahi kwenda.